Macbeth aliyeshangiliwa akifa: uchambuzi wa kisa cha kikundi kimoja cha maigizo Eastlands

Hiki kisa ni cha kikundi cha maigizo hapa Nairobi. Nimetoa jina la kikundi, la ukumbi, la mfadhili na ya waigizaji wote, na vitu vichache vidogo nimebadilisha ili watu wasijulikane. Nakiandika juu naona kosa hilohilo likirudiwa kila mwaka na watu wenye vipaji vikubwa sana, na linaumiza, juu linaua tamthilia nzuri mikononi mwa watu wanaoipenda.

Usuli

Wengi wa hawa vijana walijifunza kuigiza kwa kazi ya vitabu vya seti, vile vya fasihi vinavyotahiniwa shuleni. Yaani unaamka saa kumi alfajiri, mavazi kwa begi, unapanda matatu ya kwenda Machakos ama Murang'a, unaigiza kwa daining holi mbele ya wanafunzi mia kadhaa bila maikrofoni, alafu jioni mnarudi tao. Hio kazi inajenga sauti na inajenga ujasiri. Lakini inaacha pia tabia moja, kwamba mhusika mbaya lazima ajulikane ni mbaya akitokea tu, juu mtoto wa kidato cha nne aliyekaa nyuma kabisa anataka kujua mapema wa kuchukia ni nani. Mwigizaji wao mkuu alikuwa amecheza Majoka, yule mtawala dhalimu wa tamthilia ya Kigogo, mara nyingi sana na alikuwa anaiweza kabisa, kifua mbele, macho makali, kicheko cha kutetemesha madirisha. Kwa Kigogo hio inafanya kazi. Hadhira iko na Tunu na Sudi, wale wanaompinga, tangu mwanzo, na hakuna mtu anamwombea Majoka mema.

Sasa wakaamua wafanye Macbeth ya Shakespeare kwa Kiswahili. Waliisoma tafsiri ya Mushi ya 1968, wakaipenda, alafu wakaandika skripti yao wenyewe kwa Kiswahili cha hapa mjini. Mfadhili akapatikana, akalipia ukumbi na mabango, na yeye ombi lake lilikuwa moja tu, vijana wafunzwe ubaya wa tamaa. Bango likatoka na maneno TAMAA MBELE MAUTI NYUMA, herufi nyekundu kubwa kushinda jina la tamthilia yenyewe. Shule za karibu zikaalikwa.

Kwa wale hawajaisoma, kwa ufupi: Macbeth ni jemadari wa Uskoti, ametoka vitani ameshinda, wachawi watatu wanamwambia atakuwa mfalme. Mfalme Duncan anakuja kulala kwake kama mgeni, Macbeth na mkewe wanamuua usiku, Macbeth anavaa taji. Kutoka hapo anaua ili abaki salama, anaua rafiki yake Banquo, anaangamiza familia ya Macduff, mkuu mwenzake, mke wa Macbeth anapata wazimu na kufa, na mwisho Macduff anamkata kichwa.

Kilichotokea

Ukumbi ulikuwa wao hadi saa moja jioni, baada ya hapo kuna watu wa maombi wanaingia. Macbeth ndio tanzia (tamthilia ya shujaa anayeanguka) fupi kuliko zote za Shakespeare lakini bado ukiicheza yote inapita masaa mawili, kwa hivyo ilibidi wakate. Dairekta akatumia kipimo ambacho wengi hutumia, mahali watu wanaongea tu na hakuna kitu kinatendeka, hapo panatoka. Densi ya wachawi ikabaki, tena ndefu, juu walikuwa na wasichana watatu wanaocheza vizuri ajabu. Vita vikabaki, mzimu wa Banquo ukabaki.

Sehemu tatu ndizo zilitoka na ndizo zinafaa kuangaliwa. Ya kwanza ni ile ya mwanzoni kabisa ambapo askari aliyejeruhiwa, damu ikimtoka, anamsimulia Duncan vile Macbeth amepigana. Dairekta aliiondoa juu Macbeth mwenyewe hayuko hapo. Ya pili ni uzungumzinafsi wa tendo la kwanza onyesho la saba, Macbeth ameacha wageni wakila, ametoka nje peke yake anajiuliza kama kweli ataua huyu mzee. Ya tatu iko karibu na mwisho, tendo la tano, pale anasema vile vitu vinavyofaa kwenda na uzee, heshima, upendo, marafiki wengi, yeye asivitarajie tena. Hayo ni maneno machache tu, dakika haiishi.

Shoo ya kwanza ilikuwa Jumamosi mchana na ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama mlangoni. Macbeth akaingia na kile kifua cha Majoka, wachawi wakamwambia utakuwa mfalme, akacheka, na ukumbi mzima ukalipuka. Kutoka hapo ikawa ni shangwe tu. Banquo akitokea kwa karamu na damu kichwani watoto wanapiga mayowe ya furaha, Macbeth akitetemeka wanacheka zaidi. Alafu ikafika pale Lady Macbeth anatembea usingizini akisugua mikono, na huyu msichana aliyecheza hio sehemu alikuwa ameifanyia kazi kwa miezi, machozi yake yalikuwa ya ukweli, na sauti ikatoka huko nyuma ikasema "Si mlijitakia!" Ukumbi ukaangua kicheko. Alimalizia hio sehemu akiwa anaongea chini ya kicheko cha watu. Kichwa cha Macbeth kililetwa na makofi.

Baada ya shoo mwalimu mmoja akauliza wanafunzi swali rahisi: shujaa wa hii tamthilia ni nani? Wengi wakajibu Macduff. Mmoja akasema Malcolm, mtoto wa Duncan. Hakuna hata mmoja alisema Macbeth.

Nyuma ya jukwaa kikundi kikagawanyika. Nusu walikuwa wanasherehekea, na nawaelewa, ukumbi umejaa, watu wamepiga makofi, mfadhili amefurahi na amesema ujumbe umefika. Lakini dairekta alikuwa kimya, na yule msichana alikuwa amekaa kwa ngazi hataki kuongea na mtu. Kesho yake dairekta akanipigia simu akaniomba nisome skripti na ile ya Kiingereza pamoja, juu hio ndio kazi nafanyia vikundi.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kurudisha zile sehemu tatu, na ulileta vita. Dakika za kurudisha lazima zitoke mahali. Onyesho la Hecate, mkuu wa wachawi, likatoka, hapo hakuna aliyelia, wasomi wengi hata wanaamini halikuandikwa na Shakespeare. Yale mazungumzo marefu ya Malcolm na Macduff wakiwa Uingereza yakapunguzwa. Lakini haikutosha, ikabidi densi ya wachawi ikatwe karibu nusu, na wale wasichana watatu waliumia sana juu densi yao ndio ilikuwa imepigiwa makofi mengi kushinda kitu chochote. Mmoja alitishia kutoka. Dairekta alikaa nao akawaeleza kwamba wachawi wakichukua muda mrefu hivyo watazamaji wanaona Macbeth amerogwa tu, na mtu aliyerogwa hana kosa la kujibu. Walikubali, si kwa furaha.

Wa pili ulikuwa wa mwigizaji mkuu. Dairekta hakumwambia "punguza", juu ukimwambia mwigizaji hivyo anabaki na yaleyale kwa sauti ndogo. Alimwambia hivi: huyu mtu tangu mwanzo hadi onyesho la saba hajafanya kosa hata moja, mcheze mtu ambaye ungetaka awe ndugu yako. Walifanya mazoezi ya siku nzima bila yeye kusimama kabisa, maneno yote akiwa ameketi, hadi kile kifua kikaisha chenyewe.

Wa tatu ndio ninaoupenda kushinda yote na ulitoka kwa yule msichana wa Lady Macbeth. Kwa nyumba zetu mgeni akifika mezani analetewa maji ya uvuguvugu, jagi na beseni, ananawishwa mikono kabla ya kula. Yeye akasema, mbona Macbeth mwenyewe asimnawishe Duncan? Kwa hivyo wakati wa karamu Macbeth, taulo begani, anainama mbele ya mfalme, anamiminia maji polepole, Duncan anasugua mikono yake ya kizee, anajipangusa kwa taulo la Macbeth, anampiga bega kwa upendo, anaingia ndani kula. Sahani zinasikika zikigongana nyuma ya pazia. Macbeth anabaki peke yake na lile beseni la maji machafu mkononi, na hapo ndipo anaanza ule uzungumzinafsi: huyu ni ndugu yangu, ni mfalme wangu, tena ni mgeni wangu, mimi ndiye ninafaa kumfungia muuaji mlango nje.

Beseni hilohilo ndilo linarudi wakiwa wameua, mke akisema maji kidogo tu yatatuondolea hii kitu. Na ndilo analobeba mwishoni akitembea usingizini, likiwa halina maji.

Wa nne ni bango. Methali ikatolewa, likabaki jina la tamthilia na picha ya beseni. Mfadhili hakupenda.

Matokeo

Shoo ya pili ilikuwa wiki chache baadaye, ukumbi uleule, shule tofauti. Watu walikuwa wachache kidogo na mvua ilinyesha, na hapo kukawa na shida ya ukweli kabisa: paa ni mabati. Ule uzungumzinafsi uliochezwa taratibu haukuwafikia watu wa viti vya nyuma, walianza kuongea wao kwa wao, na wachache waliondoka mapema kukimbilia matatu kabla nauli ipande. Sehemu ya kwanza kwa ujumla ilikuwa nzito. Sitaki kuficha hio.

Lakini wale waliosikia, walisikia. Macbeth alipomwambia mkewe kwamba hii kitu tuiache hapa, kuna mama alisema "asante Yesu" kwa sauti. Mke alipomwita mwoga akabadilika, ukumbi uliguna. Hio mguno shoo ya kwanza haikuwa nayo mahali popote. Na beseni tupu lilipotokea mwishoni hakuna aliyecheka, hata huko nyuma ambako maneno hayakuwa yamefika vizuri, juu beseni hata wao walikuwa wameliona.

Swali lilelile likaulizwa baada ya shoo. Safari hii wanafunzi walibishana hadi mlinzi akaja kutuambia watu wa maombi wamefika. Mmoja alisema Macbeth angeweza kurudi nyuma hadi pale alipoitwa mwoga. Mwingine akasema hapana, hata baada ya kumuua Duncan bado angeungama, njia ilifungwa alipomuua Banquo. Msichana mmoja akasema yeye anaona iliisha mapema kabisa, pale Duncan alimtangaza Malcolm mrithi na Macbeth akaanza kumhesabu huyo kijana kama ngazi ya kuruka. Kuhusu shujaa ni nani hakuna aliyebishana.

Mfadhili alisema ujumbe umepotea na hakulipia shoo ya tatu. Kikundi kinajitafutia ukumbi chenyewe saa hii.

Uchambuzi

Nianze na kitu Aristotle aliandika zaidi ya miaka 2,300 iliyopita akichambua tanzia za Wagiriki. Alisema mtu mwovu kabisa akianguka tunaweza kuridhika, lakini hatutamhurumia wala hatutaogopa. Huruma inakuja kwa mtu ambaye hakustahili yote yaliyompata, na woga unakuja tukiona ni mtu kama sisi. Ndio maana shujaa wa tanzia anafaa awe katikati, si malaika wala si shetani, na aanguke kwa kosa lake. Hebu soma hio alafu ukumbuke makofi ya shoo ya kwanza. Ukumbi haukukosea. Walioneshwa mtu mwovu akianguka na wakaridhika, kama vile Aristotle alisema wataridhika. Wanafunzi waliosema shujaa ni Macduff walijibu sawa kabisa kwa ile tamthilia waliyooneshwa.

Kwa hivyo kiburi na tamaa hazioneshwi kwa kifua. Zinaoneshwa mahali mtu ana njia ya kurudi, anaiona, anaijua ni njia nzuri, na hachukui. Ukikata ule uzungumzinafsi umekata mahali pekee ambapo Macbeth anatoa hoja zote za kutoua, tena anazitoa vizuri kushinda mtu yeyote ndani ya hii tamthilia, na anakiri mwenyewe hana sababu nyingine ya kuua ila tamaa inayoruka hadi inapitiliza. Anajua! Hio ndio inafanya iwe tanzia. Mtu asiyejua anachofanya tunamsikitikia tu, mtu anayejua na bado anaenda ndio anatutia woga, juu kila mmoja wetu kuna kitu amewahi kufanya akijua.

Na askari aliyejeruhiwa ana kazi kubwa kuliko vile dairekta alidhani. Macbeth hayuko hapo, ndio, na hio ndio maana yake. Tunamsikia akisifiwa kabla ya kumwona, anasifiwa kwa kutoogopa damu na kwa kutorudi nyuma hata mambo yakiwa magumu. Hizo sifa mbili ndizo zitamwangamiza baadaye, kwenye tendo la tatu anasema ameingia kwa damu mbali sana hadi kurudi ni kuchosha sawa na kuvuka. Ni ujasiri uleule, umegeuziwa tu mahali pabaya. Bila askari hatujui alikuwa na nini cha kupoteza.

Angalia pia Edipode (Oedipus), mfalme kwenye tanzia ya Mgiriki Sophocles. Aliokoa mji wa Thebes kwa kutegua kitendawili cha dubwana Sphinx, yaani ni mtu ambaye hawezi kuacha swali bila jibu, na anajivunia hio akili. Tauni ikija anaapa kumtafuta muuaji wa Laius, mfalme aliyemtangulia. Nabii Tiresias anamwomba aache, mkewe Jocasta anamsihi asiulize zaidi, anaendelea kuuliza hadi anajipata ni yeye mwenyewe. Huwezi kumwondolea kile kiburi ukabaki na yule aliyeokoa mji. Ni kitu kimoja. Mwigizaji anayetafuta "upande mbaya" wa shujaa wa tanzia ili aucheze anatafuta kitu hakipo kikiwa peke yake.

Beseni lilifanya kazi kwa sababu ya ndani zaidi kuliko uzuri wa macho. Duncan wa historia aliuawa vitani mwaka wa 1040 na Macbeth akatawala Uskoti hadi 1057, miaka 17. Kuuawa akiwa mgeni amelala, hio Shakespeare aliitoa kwenye kisa cha mfalme mwingine, Duff, kilichokuwa kwenye kitabu cha historia cha Holinshed, akamwekea Duncan. Alitaka kosa liwe dhidi ya mgeni. Kwa hadhira ya Nairobi neno "mfalme" halina uzito sana, hakuna mtu pale ameishi chini ya mfalme, lakini mgeni uliyemnawisha mikono kwa nyumba yako, alafu umuue usiku? Kila mtu kwa ule ukumbi alijua hio ni kitu gani bila kuelezwa. Wakati mwingine vikundi vinajaza kanga na ngoma ili tamthilia ya nje ionekane ya kwetu. Huyu msichana alitumia jagi moja na beseni moja.

Bango nalo nililipa uzito mdogo mwanzoni lakini dairekta alikuwa sahihi. Ukimwambia mtu mlangoni kwamba tamaa ndio iliua, anaingia akiwa hakimu, anangoja hukumu, na hukumu ikifika anapiga makofi. Mfadhili alikuwa na nia nzuri, namheshimu kwa hilo, ila aliomba mahubiri kwa tamthilia ambayo inataka watu wajitambue ndani ya mtu anayepotea.

Kilichoshindikana kabisa ni sauti. Kucheza kwa utulivu si kucheza kwa sauti ya chini, na mwigizaji aliyefunzwa daining holi alikuwa na sauti ya kushinda mabati, aliiacha nyumbani pamoja na kile kifua. Mazoezi yanayofuata wanayafanya nje, kando ya barabara yenye matatu, maneno yaleyale, utulivu uleule, na mtu amesimama mbali anainua mkono kila akikosa neno.

Na kuna mahali bado hatukubaliani. Baada ya mauaji ya mke na watoto wa Macduff, ukumbi ulimwacha Macbeth hata kwa shoo ya pili, ungeona kabisa watu wakijiegemeza nyuma. Yale maneno ya uzee yalirudisha baadhi yao, si wote. Mwigizaji alikuwa amependekeza kwamba mwishoni, akigundua Macduff alitolewa tumboni kwa kukatwa mama (na yeye alikuwa ameambiwa hakuna aliyezaliwa na mwanamke atamdhuru), apige magoti aombe msamaha, watu wamhurumie. Dairekta akakataa na mimi niko naye. Macbeth kwanza anasema hatapigana, anaambiwa basi ajisalimishe awe kitu cha kuonyeshwa watu, na hapo anakataa kubusu ardhi mbele ya miguu ya Malcolm, anainua ngao akijua atakufa. Hicho ni kiburi. Ni kilekile cha mwanzo, na ndio kitu cha mwisho kizuri kilichobaki kwake, na magoti yangemnyang'anya. Lakini mwigizaji bado anauliza atafikaje hapo na ukumbi ukiwa naye, juu wale watoto wameuawa mbele ya watu dakika chache tu zilizopita, na kwa shoo inayokuja wanataka kujaribu mauaji hayo yasionekane, yasikike tu Ross akimletea Macduff habari.